Mbu wa Bagamoyo waliobadilishwa jeni: kilichofanyika na kisichofanyika bado

Tangu habari itoke mwishoni mwa 2025 kwamba wanasayansi wametengeneza mbu waliobadilishwa jeni hapa hapa Bagamoyo, magrupu ya wasap hayajatulia. Kuna voisi inazunguka, mtu anaapa kabisa kwamba mbu hao wameshaachiwa usiku ndo maana kwenye kata zetu za Dunda na Magomeni watu hawalali, kuna nyingine inasema ukiumwa nao unafungwa uzazi, na kuna wale wa upande wa pili wanaofowadi kwamba malaria imekwisha sasa tukunje vyandarua. Zote tatu si za kweli. Ila naelewa zinatoka wapi, maana kitu chenyewe ni kigumu na wengi waliokieleza wamekieleza kwa lugha ya maabara. Mimi nafundisha bayolojia sekondari, wanafunzi wananiuliza, wazazi wananiuliza, majirani wananiuliza, kwa hiyo ngoja nilinyooshe taratibu, mtu asome alafu aamue mwenyewe kama kuna la kuogopa na kama kuna la kutumaini.

Kilichotokea ni hiki. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo ina tawi hapa Bagamoyo, pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yani NIMR, na chuo cha Imperial College London cha Uingereza, wana mradi unaitwa Transmission Zero. Desemba 2025 walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Nature. Upande wa Tanzania mmoja wa wanaouongoza ni Dk Dickson Lwetoijera wa Ifakara. Mbu wenyewe hawakuletwa kwa ndege kutoka Ulaya, walibadilishwa jeni kwenye maabara ya hapa na wanasayansi wa hapa, na hilo kwa Afrika lilikuwa jambo jipya. Kwa mtu wa Bagamoyo sio ajabu sana, mji huu ulishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S sambamba na Korogwe kule Tanga, ukashiriki tena majaribio ya chanjo ya R21, na chanjo zote mbili Shirika la Afya Duniani limeshazipitisha, ya kwanza 2021 na ya pili 2023. Kuna watoto waliochanjwa kwenye majaribio yale ambao saivi wanakaa darasani kwangu.

Sasa kwanini watu wahangaike na jeni za mbu wakati vyandarua vipo, dawa ipo, chanjo nayo ipo?

Kwa sababu malaria inatukimbilia mbele. Tanzania imefanya kazi kubwa, tusijidharau: kwenye utafiti wa kitaifa wa 2008 karibu asilimia 18 ya watoto chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea, mwaka 2022 ikawa asilimia 8. Lakini hesabu ya dunia ya 2023 bado ilikuwa vifo kama 597,000 kwa mwaka mmoja, na nchi nne zilizobeba zaidi ya nusu ya vifo hivyo ni Nigeria, Kongo ya Kinshasa, Niger na sisi. Alafu mbu na vimelea wanajifunza. Mwaka 2024 watafiti wetu waliripoti kutoka Morogoro mbu aina ya Anopheles funestus wenye badiliko la jeni linalowafanya wahimili DDT, ile dawa ya kuua wadudu, na DDT yenyewe sio kwamba ilikuwa inapulizwa hivi karibuni, kilichodhaniwa ni shehena ya zamani iliyokaa miaka na miaka ikiwa imehifadhiwa vibaya mpaka ikachafua mazingira, mbu wakazaliana humo humo wakachujwa wakabaki wale wagumu. Upande wa dawa nako, kule Kagera wamekuta vimelea vyenye badiliko linaloitwa R561H, ambalo linafanya dawa mseto ichelewe kusafisha vimelea kwenye damu. Haya yote tumeyajua kwa kusoma vinasaba, yani zamani ungekuja kujua dawa imeshindwa baada ya watoto kurudi hospitali na homa ile ile, saivi tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linapelekwa maabara na linasema mapema kabla mambo hayajaharibika.

Kwa hiyo wazo lililopo ni kumgeukia mbu mwenyewe.

Tuanze na msingi ambao mtu wa kidato cha nne anaujua ila wengi tumeusahau. Kila mbu ana nakala mbili za kila jeni, yani kila agizo la urithi, moja ya baba moja ya mama, isipokuwa zile za kromosomu za jinsia (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni). DNA nzima, yani maandishi yote ya urithi, ya Anopheles gambiae, mbu anayesifika zaidi Afrika kwa kueneza malaria, ilisomwa na kuchapishwa 2002, ni kama herufi milioni 278 zilizopangwa kwenye jozi tatu tu za kromosomu. Mbu akizaa, kila mtoto anapata nakala moja kati ya zile mbili, ipi anapata ni bahati, nusu kwa nusu. Sasa tuseme umemtengeneza dume ambaye nakala zake zote mbili zina jeni nzuri ya kukataa malaria, ukamwachia porini akakutana na jike wa kawaida. Watoto wote watakuwa na nakala moja. Wale watoto wakikutana na mbu wa kawaida, wajukuu wenye ile jeni ni nusu. Vitukuu robo. Wanaofuata ni mmoja kati ya wanane, na inaendelea kuyeyuka hivyo hivyo. Porini kuna mbu mamilioni, utaachia wangapi? Hii ndo ilikuwa kikwazo miaka mingi, watu walishaweza kubadilisha mbu kwenye maabara ila hawakuwa na njia ya kuifanya ile jeni ienee bila kuachia mbu kila wiki mpaka mwisho wa dunia.

Mwaka 2003 mwanasayansi mmoja wa Imperial, Austin Burt, aliandika wazo kwamba kuna jeni za asili zinazojinakili zenyewe kwenda kwenye kromosomu pacha, sasa kwanini tusizitumie. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi lakini nyenzo za kulitekeleza zilikuwa ngumu mno. Nyenzo ikaja 2012, pale Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walipoonyesha jinsi ya kutumia mfumo wa kinga wa bakteria kukata DNA mahali unapotaka, kazi iliyowapa Nobeli ya kemia 2020. Mfumo huo ni CRISPR, unatamkwa krispa, nami nitauandika hivyo hivyo krispa. Una vitu viwili: protini ya kukata inayoitwa Cas9, na kipande kifupi cha RNA, ndugu wa DNA, kinachobeba anuani. Cas9 inazunguka na ile anuani mkononi, ikikuta sehemu ya DNA yenye herufi zinazolingana inakata hapo, pengine haigusi.

DNA ikikatwa, seli inashtuka na kuanza kujitengeneza. Na hapa ndipo penye siri yote, naomba usome taratibu. Chukulia duka la Mangi lina madaftari mawili ya madeni yanayofanana neno kwa neno, moja linakaa dukani na jingine nyumbani. La dukani ukurasa umechanika. Mangi hana namna, anafungua la nyumbani ananakili ukurasa ule kama ulivyo. Kama kwenye la nyumbani kuna mtu aliongeza mstari, ule mstari sasa upo kwenye madaftari yote mawili. Seli inafanya hivyo hivyo: kromosomu moja ikikatwa, inanakili kutoka kwa pacha wake. Basi wanasayansi wanapandikiza kifurushi kwenye kromosomu moja, ndani ya kifurushi kuna jeni wanayoitaka, kuna Cas9, na kuna RNA yenye anuani ya sehemu ile ile kwenye kromosomu pacha. Kifurushi kinakata pacha, seli inatengeneza kwa kunakili, na inachonakili ni kifurushi kizima. Mbu aliyerithi nakala moja kwa baba anajikuta kwenye seli zake za mayai au mbegu ana mbili. Kwa hiyo badala ya nusu ya watoto kurithi, wanarithi karibu wote, na wao wakifika umri wa kuzaa kitu kinajirudia. Hii ndo wanaita jeni draivu. Haiyeyuki tena, inaenea kutoka kizazi hadi kizazi, na mbu kizazi kimoja ni wiki chache tu.

Ukishaelewa hapo umeelewa kwanini watu wenye akili timamu wanaitumainia na watu wenye akili timamu wanaiogopa, kwa sababu ile ile moja: inaenda yenyewe.

Kuna njia mbili za kuitumia na watu wanazichanganya sana. Ya kwanza ni kupunguza mbu wenyewe. Mwaka 2018 timu ya Imperial walilenga jeni inaitwa doublesex, inayoamua mbu awe jike au dume. Jike akiwa na nakala mbili zilizoharibiwa hazai, na hata mdomo wake unabadilika hawezi kunyonya damu. Kwenye vizimba vya maabara jamii nzima ya mbu ilikwisha ndani ya vizazi 7 hadi 11. Baadae wakarudia kwenye vizimba vikubwa zaidi kule Terni, Italia, matokeo yakawa ni yale yale. Naamini hii voisi ya kufungwa uzazi imezaliwa hapa, mtu kasikia kuna mbu majike wasiozaa, habari ikapita midomo kadhaa ikafika Bagamoyo imekuwa ni wanawake.

Njia ya pili haimalizi mbu. Inamwacha mbu aishi, auume mkono wako, azae, ila asiweze kubeba malaria. Mbu wa Bagamoyo wako kwenye njia hii ya pili.

Walichomfanyia ni hivi. Kuna jeni kwenye utumbo wa mbu ambayo inaamka akishanyonya damu, kazi yake ya kawaida ni kusaidia kumeng'enya ile damu. Wakapachika humo maelekezo ya protini mbili ndogo sana, moja inaitwa magainini, iligunduliwa kwenye ngozi ya chura wa Afrika mwenye kucha, ya pili melitini, inayopatikana kwenye sumu ya nyuki. Viumbe hawa wanazitumia kujilinda, na kwenye maabara ilionekana zinasumbua vimelea vya malaria. Kwa hiyo mbu akinyonya damu yenye vimelea, jeni inaamka, zile protini zinatengenezwa utumboni pale pale vimelea vinapoanza maisha yao, na vinashindwa kukua vizuri.

Angalia neno nililotumia, vinashindwa kukua vizuri. Sikusema vinakufa vyote papo hapo, maana utafiti wa mwanzo wa 2022 uliofanyika Uingereza ulionyesha kwamba vimelea vinachelewa. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, mwalimu, kuchelewa kunasaidia nini kama mwisho vinafika? Swali zuri kuliko yote niliyosikia kuhusu jambo hili. Kimelea kikiingia kwa mbu hakiwi tayari kuambukiza siku hiyo hiyo. Kinapevuka utumboni, kinajichimbia kwenye ukuta wa utumbo, kinakaa humo kinagawanyika mpaka vinakuwa maelfu, alafu vinapasuka na kusafiri hadi tezi za mate, ndo sasa mbu akikuuma anakumwagia. Safari hiyo nzima inachukua kama siku 10 hadi 14 kutegemea na joto. Sasa mbu porini anaishi siku ngapi? Wengi wanakufa mapema, wanaliwa na mijusi, wanapigwa kofi, wanakauka kwa jua, na inakadiriwa ni kama mmoja tu kati ya kumi anayefikisha umri wa kuambukiza. Malaria yote unayoiona inatoka kwa mbu wazee wachache. Ukiongeza siku kadhaa kwenye ule muda wa kupevuka, karibu hakuna mbu atakayeishi kufika huko. Na kwenye utafiti ule majike wenye nakala mbili waliishi muda mfupi zaidi kidogo, ikasaidia upande ule ule. Mimi hili lilinigusa sana kama mwalimu, kwamba hawakutafuta sumu kali ya kuua kila kitu, walitafuta siku chache tu za kuchelewesha.

Kazi ya Uingereza ilikuwa na pengo moja kubwa. Vimelea vya malaria ya binadamu walivyotumia ni vya maabara, aina moja inayofugwa duniani kote, iliyotolewa zaidi ya miaka 40 iliyopita kwa mgonjwa mmoja Uholanzi aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Amsterdam. Vimelea vya aina moja, vimekaa kwenye chupa miongo. Je vile vya kwetu, vyenye sura elfu, vinavyobadilika kila msimu? Hapa ndo Bagamoyo ilipoingia. Timu ya hapa ilitumia damu iliyochangwa na watoto walioambukizwa malaria kwa njia ya kawaida majumbani kwao. Namna inavyofanyika ni kwamba damu inawekwa kwenye kikombe kidogo cha kioo kilichofunikwa utando mwembamba chini, maji ya uvuguvugu yanazungushwa pembeni ili damu ikae kwenye joto la mwili, alafu kikombe kinakalishwa juu ya kopo la mbu lenye wavu, mbu wanapanda na kuchoma ule utando kama vile ni ngozi. Hakuna mtoto aliyeumwa na mbu wa maabara. Baada ya siku kadhaa wanawapasua mbu chini ya darubini na kuhesabu vimelea. Wale waliobadilishwa walionyesha kuvizuia vimelea vya hapa hapa kwetu, sio vile vya chupa tu. Hilo ndo jipya la 2025, na ndo lilifanya Nature waichukue.

Na sasa jambo ambalo voisi za wasap haziligusi kabisa. Mbu wale wa Bagamoyo hawana kifurushi kizima. Wana jeni ya kuzuia malaria na wana RNA ya anuani, ila Cas9, ile ya kukata, haimo. Bila Cas9 hakuna kukata, bila kukata hakuna kunakili, na jeni inarithiwa nusu kwa nusu na kuyeyuka kama jeni nyingine yoyote. Ili kupima kama draivu ingefanya kazi iliwabidi wawakutanishe na mbu wengine wa maabara wenye Cas9, na hapo ndo ikaonekana inarithiwa kwa kiwango kikubwa. Yani vipande viwili vimetenganishwa kwa makusudi. Hata mmoja akitoroka, na anakaa ndani ya milango zaidi ya mmoja na nyavu juu ya nyavu, peke yake hana uwezo wa kueneza chochote kikaenda mbali.

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko la samaki mzee mmoja mvuvi alinishika mkono, akaniambia, "Mwalimu, mimi sina shida na hao wataalamu, nataka kujua kitu kimoja tu. Mbu huyo akiniuma, hiyo jeni yake si itaniingia mimi na wanangu?"

Nikamjibu, "Hapana mzee. Jeni ile inarithiwa kwa kupandana, mbu kwa mbu. Akikuuma anakuachia mate, hakuachii mayai wala mbegu."

"Na hiyo sumu ya nyuki?"

"Imewekwa iamke utumboni, mzee, siyo kwenye mate. Na hata hivyo ni kitu cha kupimwa na kupimwa tena kabla hajatoka nje."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi hilo la kupimwa ndo mlisimamie." Nakubaliana naye kabisa. Hajasoma bayolojia lakini ameshika pale pale penye mzigo.

Nigusie haraka na hizi habari za nchi nyingine maana zinachanganywa na zetu. Burkina Faso mwaka 2019, kwenye kijiji cha Bana, waliachia madume tasa yaliyobadilishwa jeni, bila draivu yoyote, na mwaka 2025 serikali yao ikasimamisha shughuli za mradi ule wa Target Malaria. Djibouti mwaka 2024 waliachia madume ya kampuni ya Oxitec, ya mbu aina nyingine, Anopheles stephensi, ambao watoto wao wa kike wanakufa kabla ya kukua, nayo hiyo haina draivu. Mpaka nilipoandika hapa sijaona jeni draivu ya mbu wa malaria iliyoachiwa porini nchi yoyote.

Turudi kwetu, kwenye mambo yanayonipa wasiwasi wa kweli, sio wa voisi.

La kwanza ni aina ya mbu. Kazi hii imefanywa kwa Anopheles gambiae. Lakini sehemu kubwa ya Tanzania, baada ya miaka ya vyandarua, gambiae mwenyewe amepungua sana na anayetuua ni Anopheles funestus, kule bonde la Kilombero yeye peke yake amekutwa anabeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi. Gambiae na funestus hawazai pamoja. Draivu ya gambiae itaishia kwa gambiae, labda na ndugu zake wa karibu kama arabiensis ambao mara chache wanachanganyika naye. Kwa hiyo anayesema mbu hawa wataimaliza malaria Tanzania anatuuzia kitu ambacho hata watafiti wenyewe hawajakisema. Watafanya kazi pale gambiae ndiye mwenyeji, kwingine itabidi wajenge draivu ya funestus kuanzia chini, na jeni zake zimechelewa kusomwa ukilinganisha na za mwenzake.

La pili ni usugu, ule ule tunaouona kwenye dawa. Seli ikikatwa DNA wakati mwingine hainakili kutoka kwa pacha, inaunga tu zile ncha mbili harakaharaka na kukosea herufi moja mbili. Ikishakosea, anuani haifanani tena, Cas9 ikipita hapo haitambui kitu, na mbu huyo na uzao wake wanakuwa wamekingwa dhidi ya draivu. Ndo maana wanachagua sehemu za DNA ambazo zikibadilika mbu anapata hasara, ili kosa lisipate nafasi ya kuenea. Na vimelea navyo vinaweza kuzoea zile protini mbili, kuweka mbili badala ya moja kunapunguza uwezekano huo ila hakuufuti.

La tatu ni ruhusa, na hili naona ndo gumu kuliko maabara yote. Tanzania imeridhia Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe wa aina hii, na ina kanuni za usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, na tukumbuke kwamba mwaka 2021 serikali ilisimamisha majaribio ya mazao ya GMO, yani yaliyobadilishwa jeni, kwa hiyo hakuna mtu atakayeamka asubuhi aachie mbu bila kupita kwenye mikono mingi. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo 2021 unaotaka kwenda hatua kwa hatua, maabara, vizimba vikubwa, alafu jaribio dogo sehemu iliyojitenga. Wenye mradi wamekuwa wakitaja kisiwa cha Ziwa Victoria kama mahali pa kuangalia kwa jaribio la namna hiyo baadae, na kisayansi naelewa kwanini, maji yanazuia mbu kusambaa na unaweza kulinganisha na kisiwa cha jirani.

Lakini ruhusa ya mtu mmoja mmoja tuliyoizoea kwenye chanjo hapa haifanyi kazi. Kwenye R21 mzazi aliitwa, akaelezwa, akaweka saini au akakataa na mtoto wake akarudi nae nyumbani, basi. Kwa mbu huwezi. Mtu wa Zinga akikataa na wa Mlingotini akikubali, mbu atapita kwa wote wawili. Kwa hiyo anayetakiwa kukubali ni jamii nzima, na jamii inakubali vipi? Kwa mkutano wa kijiji? Kwa madiwani? Kwa wizara peke yake? Mimi msimamo wangu ni kwamba mkutano wa hadhara lazima, kwa Kiswahili cha kawaida, na maswali magumu yajibiwe pale pale mbele za watu: kama mambo yakienda kombo kuna njia gani ya kuirudisha nyuma, nani atakuja kupima mbu na watoto mwaka wa kumi wakati fedha za mradi zimeshaisha, na kama ikionekana malaria haijapungua nani atasimama kusema. Wanasayansi wetu wameonyesha wanaweza kufanya kazi ya kiwango cha juu kabisa hapa hapa nyumbani, najivunia hilo na nawaambia wanafunzi wangu kila siku kwamba maabara ile ni yao pia, ila kazi ya kuuliza watu inahitaji umakini ule ule na muda ule ule.

Na kule ziwani ina ugumu wake, maana wavuvi wa visiwani wengi ni wa kuhamahama, wanafuata dagaa na sangara kambi hadi kambi, mwezi huu yupo hapa mwezi ujao yupo kisiwa kingine. Hata kujua nani ni mkazi wa kuulizwa ni kazi yenyewe, na ningependa iwe imeandikwa wazi nani anaulizwa, lini, na kwa njia gani, kabla ombi la kibali halijafika mezani kwa mtu yeyote.